Lebo Iliyobaki

Jumatatu, 4 Machi

Mvua bado, ila mawingu yamekaa juu ya paa la maktaba tangu asubuhi. Kompyuta zimeshaletwa, programu imewekwa, na sasa kila kitabu lazima kipate lebo yenye msimbopau, ile mistari myeusi inayosomwa na skana. Kazi ya kuchagua lebo na kuzibandika nimepewa mimi. "Huyu ndiye mwenye jicho la mpangilio," Mkuu wetu wa maktaba alisema mbele ya wafanyakazi wote. Nikainama kana kwamba natafuta kalamu, wasione ninavyotabasamu.

Nitaandika shajara hadi kazi iishe. Ikifanikiwa, nataka niwe na pa kujisomea sifa zangu uzeeni.

Ijumaa, 8 Machi

Mchapaji ameleta sampuli mbili. Ya kwanza ina mistari, namba, na chini yake jina la kitabu. Ya pili ina mistari na namba tu, ndogo, safi, inakaa pembeni mwa jalada bila kuziba picha. Nikaziweka kwenye dawati la kuazima ili wifi yangu naye azione.

Wifi ni dada wa baba watoto, anakaa kwetu tangu ndoa yake ilipovunjika. Yuko dawatini kwa majaribio, na masika yakiisha Mkuu ataamua kama anathibitishwa kazini. Akithibitishwa atapanga chumba chake na kumchukua binti yake, ambaye sasa analelewa na bibi yake mbali na hapa. Kila jioni wanaongea kwa simu, na kila jioni mtoto anauliza swali lile lile, lini.

"Chukua yenye jina, wifi," akasema. "Namba zote zinafanana. Jina linajitambulisha lenyewe."

"Kompyuta haihitaji jina."

"Haihitaji yeye, nahitaji mimi. Au na wewe siku hizi baba watoto anakuita kwa namba?"

"Ndiyo maana wewe uko dawatini na mimi niko kwenye katalogi," nikamjibu.

Tukacheka. Mawifi tumezoea kutupiana maneno, lakini yeye alicheka kidogo kuliko mimi. Nimechagua ya pili.

Jumanne, 12 Machi

Programu inauliza skrini ya dawati ionyeshe nini. Nimechagua namba na alama tu: kijani ni sawa, nyekundu si sawa. Anayetaka jina la kitabu abonyeze kitufe. Majina yanajaza skrini bure. Wifi kaguna.

Jumanne, 19 Machi

Mvua imeanza, na mimi nimemaliza ukumbi wa riwaya na marejeo.

Utaratibu ni huu. Vitabu vimepangwa rafuni kwa mfuatano wa katalogi, na lebo zimechapwa kwenye mkanda kwa mfuatano huo huo. Unabandua, unabandika, unasogea. Mchapaji alinishauri kila nikimaliza rafu nisome kitabu cha mwisho kwa skana nione kama jina linaoana. Rafu za mwanzo nilifanya hivyo. Baadaye mkono ukazoea, miguu ikachoka, nikaona najichelewesha. Nilifika kwenye kamusi ya mwisho pale mlangoni na lebo moja ikabaki mkononi. Nikadhani mchapaji kanipa nyongeza. Nimeibandika kwenye chupa yangu ya chai.

"Sasa hata chai yako inaazimwa?" wifi akauliza.

"Kwa wanachama tu."

Jumatano, 27 Machi

Mvua. Umeme umekatika mara mbili. Skana bila umeme ni kipande cha plastiki tu.

Jumatano, 3 Aprili

Umeme ulikatika tena mchana, kukawa giza kama jioni, na hapo ndipo Fundi Saa alipoingia na mwavuli wake uliovunjika ubavu mmoja. Huyu ndiye msomaji wetu wa siku zote. Ana kibanda cha kutengeneza saa nyuma ya posta, na kila wiki anapanda kwenye kiti chetu kuitia ufunguo saa ya ukutani, bila kuombwa na bila kulipwa. Macho ya mkewe yamefifia na miguu haimbebi, kwa hiyo jioni anamsomea. Sasa wako kwenye ile riwaya ndefu ya ndugu watatu wanaotawanywa na vita, juzuu tatu. Amechukua ya pili.

Agizo langu kuhusu giza linajulikana: andika kwenye karatasi namba ya lebo, umeme ukirudi uiingize. Wifi aliandika jina la kitabu na juzuu yake. Nikamwuliza kwa nini. "Namba zako ni ndogo kama mayai ya chawa," akasema. "Nitaingiza kwa jina, programu inakubali." Kweli inakubali.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua. Mkuu kasema wakutubi wa maktaba nyingine watakuja mwisho wa mwezi kuangalia "mfumo wetu". Mfumo wetu ni mimi.

Alhamisi, 11 Aprili

Asubuhi nilimwona Fundi Saa akirudisha kitabu mbio mbio akielekea kibandani. Juzuu ya tatu ilikuwa bado kwa msomaji mwingine. Akasema atapita wiki ijayo.

Jumanne, 16 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nianze na Fundi Saa, maana ndiye aliyeanza siku.

Alikuja kuchukua juzuu ya tatu. Wifi akasoma kadi yake, skrini ikawa nyekundu. Akabonyeza kitufe: msomaji huyu bado ana juzuu ya pili.

"Nilirudisha," Fundi Saa akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Alirudisha," wifi akasema. "Nilimpokea mimi, kwa mkono wangu huu."

Mkuu akatoka ofisini. Hapendi mambo ya dawatini yasikike ukumbini. Akamwuliza wifi kama ana hakika au anakisia, na kabla hajajibu akanigeukia: "Hebu kaangalie rafuni. Kama kimerudi, kitakuwepo."

Nikaenda. Kilikuwepo. Juzuu ya pili imesimama mahali pake, kona ya jalada imebaki na doa la mvua ya yule mzee. Nilikuwa na skana ndogo ya mkononi, nikaisoma lebo yake. Kioo kikaandika: juzuu ya kwanza. Nikasoma juzuu ya tatu. Kioo kikaandika: juzuu ya pili. Nikasoma kitabu cha jirani, na cha jirani yake. Kila kitabu kimevaa jina la mwenzake wa kushoto.

Nikarudi nyuma rafu moja nikapata chanzo. Kuna pengo ambalo siku ile nililipita bila kuliona. Kitabu cha pale kiko kwa mshona majalada tangu Februari. Lebo yake niliibandika kwenye kitabu kinachofuata, na ya kinachofuata kikapewa kingine, hivyo hivyo rafu baada ya rafu hadi mlangoni. Wifi alikiazimisha kitabu cha Fundi Saa kwa jina lake halisi. Kiliporudi, skana ikasoma lebo yangu na kupokea kitabu kingine. Skrini ikaonyesha kijani, maana nilitaka ionyeshe kijani tu.

Mpaka hapo lilikuwa kosa. Makosa yana dawa. Nilichofanya baadaye hakina jina zuri. Nilimsikia Mkuu nyuma yangu akimwambia Fundi Saa, "Subiri, mtaalamu wetu anaangalia." Nikawaza wageni wanaokuja. Nikawaza wifi na sampuli yake yenye majina. Nikakitoa kitabu rafuni, nikapita mlango wa ndani, nikakitia kwenye droo ya meza yangu, nikarudi dawatini.

"Hakipo," nikasema.

Fundi Saa aliniangalia, kisha akaiangalia saa ya ukutani, kama mtu anayehakikisha ni saa ngapi ameambiwa neno hilo. Akafungua mwavuli wake mlangoni na kuondoka.

Nilijiambia ni siku mbili tatu tu. Nitasahihisha lebo kimya kimya, kitabu kitaonekana, yataisha.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua. Wifi alikwenda mwenyewe rafuni asubuhi. Nilimsikia akisogeza vitabu, kimoja kimoja.

Ijumaa, 19 Aprili

Mkuu amebandika jina la Fundi Saa kwenye ubao wa matangazo, orodha ya wasiorudisha vitabu. Ni kanuni, anasema, na kanuni haina rafiki. Jina lake lote, na la baba yake, chini kabisa ya orodha ya watoto wa shule. Kwa miaka yote hii sikuwahi kulijua jina lake. Nimelijua leo.

Jumanne, 23 Aprili

Saa ya ukutani imesimama. Hakuna aliyeigusa. Tunaangalia simu zetu.

Ninajaribu kusahihisha wakati wa chakula, wengine wakitoka. Nilidhani nitabandua na kubandika upya, kumbe gundi niliyoisifu kwa mchapaji haiachii. Lebo inatoka na ngozi ya jalada. Nimeharibu vitabu vitano nikaacha. Njia nyingine ni kubadilisha namba ndani ya kompyuta, kitabu kwa kitabu, lakini programu inaandika jina la kila anayebadilisha. Mkuu akifungua ukurasa ule atakuta jina langu limejipanga kutoka juu hadi chini.

Nimeifungua droo mara kadhaa leo. Sijui nilitarajia kimekwenda wapi.

Ijumaa, 26 Aprili

Wageni wamekuja, mvua ikawalowesha viatu. Mkuu akawatembeza, akashika kitabu mlangoni pale, akakiinua: "Angalieni usafi wa lebo hii." Wakapiga makofi. Kilemba cha ukoka nilikivaa na kushukuru kwa kuinamisha kichwa. Mama mmoja mgeni akauliza, "Na majina hamuweki? Sisi tuliwahi kukosea rafu nzima." Nikamwambia kwetu tunahakiki kila rafu. Wifi alikuwa anafuta dawati kwa kitambaa. Mkono wake ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

Jumapili, 28 Aprili

Nyumbani. Mvua haikatiki, nguo hazikauki, tumezitundika hadi sebuleni. Wifi kaongea na binti yake akiwa amesimama kati ya mashuka. "Karibuni, mama," alikuwa akimwambia. "Bosi akikubali tu."

Baba watoto akaniuliza mbona siku hizi sili. Nikasema tumbo. Akasema, "Msaidie basi mdogo wangu kwa Mkuu. Wewe anakusikiliza." Nikasema nitaona. Roho yangu ilinisuta hadi nikatoka nje kujifanya naangalia mfereji.

Jumanne, 30 Aprili

Leo nilijiona mjanja. Nilifika kabla ya wote, nikakitoa kitabu drooni, nikakipachika kwenye rafu ya kilimo nyuma ya vitabu vikubwa, kisha saa ya chai nikakigundua kwa sauti: "Jamani, kumbe kiko huku!"

Mkuu akafurahi. Akaliondoa jina la Fundi Saa ubaoni kwa mkono wake, akaenda dawatini, na mbele ya wasomaji akamwambia wifi: "Uliandika jina badala ya namba, kisha ukaipanga riwaya kwenye kilimo. Mzee wa watu kaaibika kwa ajili yako." Ofisini akaniambia hatamthibitisha. Atamaliza mwezi wa Mei, basi. "Najua ni ndugu yako," akasema, "lakini wewe mwenyewe unajua kazi hii inataka umakini."

Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka. Nikasema, "Naelewa."

Nilitafuta njia ya kumsafisha mzee bila kujichafua, na uchafu wote nimemmwagia mtoto wa mama mkwe wangu.

Alhamisi, 2 Mei

Asubuhi tulitembea wote wawili kwenda kazini, mwavuli mmoja. Hakuwa na utani. Nikamwuliza kama anaumwa.

"Hapana," akasema. Tulipofika kwenye kona ya posta, kibanda cha Fundi Saa kikiwa bado kimefungwa, akasimama. "Wifi, unakumbuka lebo iliyo kwenye chupa yako ya chai?"

"Nakumbuka."

"Siku ile ile Fundi Saa alipoambiwa hakipo, wewe ulipokwenda kunawa, niliisoma kwa skana. Kwa mchezo tu, nijichekeshe, maana nilikuwa na hasira. Nikabonyeza jina. Ikasema chupa yako ni ile kamusi ya mwisho, ya mlangoni. Nikaenda mlangoni, kamusi ipo. Nikaisoma, nayo ikasema ni kamusi nyingine. Sikusoma sana, lakini hilo halihitaji shule."

Mvua ilikuwa inapiga mwavuli.

"Kesho yake nikaenda kwenye riwaya. Palikuwa na pengo la juzuu ya pili, na vumbi limefutika. Kuna mtu alikitoa. Na aliyekwenda pale kabla yangu ni mmoja."

"Mbona hukusema kwa Mkuu?"

"Ningesema nini? Kwamba mke wa kaka yangu, ninayekula kwake, ni mwongo?" Hakupandisha sauti. "Nilikusubiri useme wewe. Nikajiambia, kesho atasema. Wageni wakija atasema. Juzi Mkuu aliponigombeza pale, nilikuangalia. Nikajiambia, sasa hivi."

Akanikabidhi mwavuli na kuvuka barabara peke yake akilowa.

Ijumaa, 3 Mei

Nimesema. Sikusubiri chai. Niliingia ofisini na chupa yangu na skana, nikamwonyesha Mkuu kila kitu, kamusi, pengo, droo, rafu ya kilimo. Alisikiliza akizungusha kifuniko cha kalamu. Lebo alizielewa upesi. Alichokuwa hakielewi ni droo.

"Kosa la rafu ningelifunika mimi mwenyewe," akasema. "Hiki kingine nikifunike na nini?"

Nimeondolewa kwenye katalogi. Nitabandika lebo mpya, za majina, juu ya hizi zote, kisha nitakaa dawatini. Wifi anathibitishwa. Nikaomba kitu kimoja, nibandike tangazo kwenye ubao, pale pale lilipokuwa jina la Fundi Saa. Nimeandika kwamba alirudisha kitabu kwa wakati, kwamba aliyekipokea alisema kweli, na kwamba mimi nilikuwa nimekificha. Nimeweka jina langu lote, na la baba yangu.

Watoto wa shule walilisoma kwa sauti.

Jumatatu, 6 Mei

Mvua. Nabandika.

Jumanne, 14 Mei

Mvua inapungua. Wifi amepata chumba na amehama. Nilimbebea beseni na godoro. Alisema "samahani" nilipokuwa nimemzibia njia, "tafadhali" nilipotakiwa kusogeza kitanda, na "asante sana" mlangoni. Tumekuwa mawifi miaka mingi na hajawahi kuniambia tafadhali. Matusi yake yote ya utani ningeyapokea leo kwa mikono miwili.

Binti yake anafika Jumamosi.

Alhamisi, 23 Mei

Jua limetoka. Fundi Saa hajarudi maktaba, tangazo au bila tangazo. Nikaichukua juzuu ya tatu, yenye lebo mpya, jina lake limeandikwa waziwazi chini ya mistari, nikaenda kibandani kwake.

Alikuwa amefunga kioo jichoni na saa ya mkononi imefunguliwa mbele yake juu ya kitambaa cheupe. Nikamwamkia. Akaitikia bila kuinua kichwa. Nikamweleza kwa mdomo wangu, maana tangazo halitoshi, kwamba siku ile niliposema hakipo nilikuwa nimetoka kukishika.

Alimaliza kukaza parafujo kwanza.

"Ubao ule haukunisumbua sana," akasema. "Watu wamezoea kusoma ubao. Lakini mke wangu aliniuliza kama kweli nilikirudisha. Aliniuliza mara mbili."

Nikaweka kitabu mezani, mbali na vifaa vyake.

Akavua kioo jichoni akakiangalia. "Nilimmalizia mwenyewe," akasema. "Kila jioni alikuwa anataka kujua, na mimi sina kitabu. Nikachukua katalogi ya vipuri vya saa, nikaifungua mbele yangu ili asikie kurasa zinageuka, nikatunga. Nimetunga hadi mwisho. Yule mdogo wao, aliyepelekwa mbali kuliko wote, nilimrudisha nyumbani. Mke wangu alilia kwa furaha. Siku hizi analala vizuri." Akaligusa jalada kwa kidole. "Humu anarudi?"

Riwaya ile niliisoma zamani nilipokuwa naiorodhesha. Neno moja tu lingetosha, na safari hii lingekuwa la huruma. Nililitafuta, nikaliona, nikaliacha.

"Hapana," nikasema. "Harudi."

Akatikisa kichwa taratibu, akakisukuma kitabu kuelekea upande wangu kwa mgongo wa mkono, asikitie mafuta.

"Basi nenda nacho, mama. Kwangu amesharudi."

Nikarudi nacho. Wifi alikuwa dawatini. Akakisoma kwa skana, jina likatokea kamili, juzuu ya tatu. Akaniuliza kama kiazimwe au kirudi rafuni. Nikamwambia kirudi. Nimekipeleka mwenyewe, nikakiweka kati ya wenzake, kisha nikapanda kwenye kiti kuitia ufunguo saa ya ukutani. Nimeuzungusha mpaka ukagoma. Haiendi.